Mfungwa Hungoja Jibu

Mhadhara wa wazi uliotolewa jijini Arusha



  Waandaaji waliponipa mada ya vitabu na mashairi gerezani, waliongeza ombi moja: watu waondoke hapa na matumaini. Nimekubali, ila nimewaambia kwamba lazima tupite kwanza mahali ambapo maneno yenyewe ndiyo yaliyokuwa kosa. Anayezungumzia mada hii Arusha hana njia ya kupakwepa.

Naanza mbali kidogo, huko Pate.

Mfungwa mashuhuri kuliko wote katika ushairi wetu ni Fumo Liyongo. Kisa chake mnakijua, na wengi mmekisoma kama alivyokitunga Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utenzi wake wa 1913. Sultani amemtia Liyongo kifungoni, walinzi wako mlangoni, na habari zimemfikia kwamba atauawa. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi aitwaye Saada. Chakula kizuri walinzi hukila, mfungwa huachiwa kibaya. Liyongo akatunga maneno, akampa Saada ayafikishe kwa mama. Walinzi waliyasikia na hawakuambua kitu. Mama aliyasikia akajua la kufanya: akaoka mkate wa pumba, ndani yake akatia tupa. Walinzi wakajilia mikate myeupe, ule wa pumba wakamtupia mfungwa wakimcheka. Kisha Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na makelele ya ngoma yalipopamba moto, yeye huko ndani akawa anakata minyororo.

Kila ninaposikia kisa hiki kikisimuliwa, msimulizi na wasikilizaji hukaza macho kwenye tupa. Mimi humwangalia mama. Liyongo alikuwa hodari, mrefu, mpiga mishale asiyekosea, na vyote hivyo havikumfaa kitu mle ndani. Kilichomfaa ni kwamba nje kulikuwa na mtu mmoja aliyeweza kuyafumbua maneno yake na kuyajibu. Jibu lilikuja likiwa limeokwa.

Hoja yangu jioni hii niiseme mapema, ili asiyekubaliana nayo aanze kukusanya maneno yake. Tunapozungumzia vitabu na wafungwa, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye kusoma: tumpelekee mfungwa kitabu, asome, apate faraja. Ni jambo jema, sitalipinga. Lakini nikiangalia mashairi na vitabu vilivyotoka magerezani kwetu Afrika Mashariki, naona aliyeandika alitiwa nguvu zaidi na fikra ya msomaji aliye mbali, mtu ambaye siku moja atajibu. Mfungwa aliyenyimwa msomaji huwa ameongezewa kifungo ambacho hakimu hakukisoma.

Twende Mombasa, mwaka 1968. Abdilatif Abdalla ana umri wa miaka 22 tu. Ni mfuasi wa Kenya People's Union, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, na ameandika karatasi ya kisiasa ambayo kichwa chake ni swali: Kenya: Twendapi? Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta haikupenda kuulizwa. Akakamatwa, akahukumiwa mwaka 1969, na hakutoka hadi 1972. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi peke yake, bila wenzake wa kuzungumza nao, katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa. Karatasi za kuandikia hakuwa nazo, kwa hiyo alitumia karatasi za msalani, na mashairi yakatoka nje kwa siri kabla ya mwenyewe kutoka. Mwaka 1971, angali ndani, utenzi wake wa Maisha ya Adamu na Hawaa ulichapishwa. Mwaka 1973 mashairi ya kifungoni yakatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Sina haja ya kulitia chumvi hili: serikali ya Kenyatta ilimfunga kwa maneno, na maneno aliyoyatunga katika kifungo hicho yakapewa tuzo yenye jina la Kenyatta. Mshairi mwenyewe wakati huo yuko Dar es Salaam, anafanya kazi ya utafiti wa Kiswahili pale Chuo Kikuu, maana Mwalimu Nyerere na Tanzania yake walikuwa wamempa mahali pa kuishi.

Kitabu hicho kina shairi liitwalo Siwati, yaani siachi, ambalo jina lake tu linatosha kueleza msimamo wa mtu, na kina Mamba na Jipu, mafumbo ambayo askari wa zamu angeweza kuyasikia akadhani ni mambo ya mtoni na ya zahanati. Lakini shairi ninalotaka mliangalie ni lile la mnazi, Mnazi: Vuta N'kuvute. Ni malumbano. Ndugu wawili wanagombania mnazi: mmoja anasema, mwenzake anajibu, wa kwanza anarudi, wa pili anamkata maneno. Wahakiki wamelieleza vizuri kama fumbo la nchi na wenye kuigawana, na hilo ni kweli. Mimi nataka tukitazame chumba lilimotungwa. Mtu yuko peke yake kati ya kuta nne, hana wa kumwambia neno, na anatunga shairi la watu wawili wanaojibizana. Amejitengenezea mshindani. Mwambao wa Mombasa ulimlea katika ushairi ambamo mtu hutupa ubeti akijua kuna mwenzake atakayeudaka. Alipokosa wa kuudaka, akamuumba.

Hapa naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo, maana wapo ukumbini walimu wa Kiswahili na najua watanidai. Mwaka 1974, mwaka uleule wa tuzo, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na kwa miaka mingi baada ya hapo tukagombana juu ya arudhi: je, shairi bila vina na mizani ni shairi? Zilitumika karatasi nyingi na maneno makali. Nadhani pande zote mbili zilimsahau mfungwa. Mtu aliyenyang'anywa karatasi ana ghala moja tu, kichwa chake, na kichwa hushika kilichopimwa. Mizani nane kwa nane, kina cha kati, kina cha mwisho, kibwagizo kinachorudi: hivyo ni vishikio. Ubeti ukipoteza neno, kina chenyewe kinakuambia limepotea neno gani. Askari akiingia kufanya upekuzi hakuti kitu. Sisemi kwamba hilo linamaliza ubishi, kwa sababu Alamin Mazrui, naye Mswahili wa Mombasa, aliwekwa kizuizini mwanzoni mwa miaka ya 1980 chini ya serikali ya Moi, na mashairi ya Chembe cha Moyo, yaliyochapishwa 1988, hayakujifunga sana na arudhi, na bado yana moto wake. Nasema tu kwamba anayeiita arudhi pambo la wazee hajawahi kulala mahali ambapo kalamu ni kosa.

Wapo wengine ambao nitawapita mbio. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na mle ndani akaandika, kwa Kigĩkũyũ na juu ya karatasi za msalani, riwaya ambayo sisi tumeisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Askari waliikuta, wakaichukua, baadaye wakairudisha. Kwetu Tanzania yupo Abdulrahman Babu, aliyefungwa kati ya 1972 na 1978 baada ya kuuawa kwa Mzee Karume, akaandika gerezani kitabu kizima cha uchumi na siasa. Kifungo cha kipindi hichohicho kilimpata Adam Shafi kule Zanzibar. Haini, riwaya iliyotokana na mateso hayo, ilichapishwa 2003, miaka 30 na ushei baada ya tukio. Wako wanaodhani kwamba mateso humfanya mtu aandike haraka. Adam Shafi aliyabeba yake miongo mitatu, na huko katikati akatupa Kuli na Vuta N'kuvute.

Nikiishia hapo mtarudi nyumbani mkiamini kwamba shairi ni jambo jema kwa asili yake, na kwamba anayelipenda hawezi kuwa mtu mbaya. Lakini tuko Arusha.

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na kwa zaidi ya miaka 20 mahakama hiyo ilifanya kazi zake hapa mjini, katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC). Washtakiwa waliwekwa Kisongo, katika jengo lililojengwa ndani ya eneo la gereza letu. Nani walikaa Kisongo? Mawaziri walikuwepo na wanajeshi pia. Lakini alikuwepo vilevile profesa wa historia, Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji. Alikuwepo Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Hawa, pamoja na mwenzao Jean-Bosco Barayagwiza, walihukumiwa tarehe 3 Desemba 2003 katika kesi ambayo kila mwandishi wa habari angepaswa kuisoma. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini havikushuka chini ya miaka 30. Na alikuwepo Simon Bikindi, mtunzi na mwimbaji, kipenzi cha watu.

Kesi ya Bikindi inanigusa zaidi kwa kazi yangu. Majaji walilazimika kuwa wahakiki wa fasihi. Walisikiliza nyimbo zake, wakaletewa mabingwa wa kufasiri mafumbo yake, wakapima mstari kwa mstari kwamba hapa anasema nini na msikilizaji wa Rwanda alisikia nini. Mwishoni, Desemba 2008, nyimbo zenyewe hazikumtia hatiani. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti akiwa barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akiwataka watu waue. Alipewa miaka 15, akapelekwa kuimalizia Benin, akafia huko 2018.

Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya watu wa Arusha nikawaambia kwamba kitabu humsafisha mtu. Waliosoma sana walikaa Kisongo, na baadhi yao walifika pale kwa sababu ya walichokiandika. Yeyote anayeahidi kwamba maktaba ya gereza itapunguza wahalifu kwa asilimia kadhaa anauza kitu ambacho hanacho dukani. Kitabu gerezani nakitetea kwa sababu nyingine, na inamhusu hata mtu mwovu: mfungwa amenyang'anywa uhuru wa kwenda atakako, hakuna sheria inayosema anyang'anywe na akili. Umoja wa Mataifa umeandika hivyo. Kanuni zake za kuwatendea wafungwa zina ibara, namba 64, inayotaka kila gereza liwe na maktaba ya wafungwa wa aina zote, yenye vitabu vya kufundisha na vya kuburudisha, na wafungwa wahimizwe kuitumia. Kanuni hizo zilirekebishwa Desemba 2015, mwezi uleule ambao mahakama ya Rwanda ilifunga milango yake hapa Arusha, na zikapewa jina la Nelson Mandela.

Jina hilo lilistahili. Kule Robben Island mfungwa mmoja, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na kitabu kinene cha tamthilia zote za Shakespeare. Alikivika kadi za sikukuu ya Diwali, askari wakaamini ni kitabu cha dini, wakakiacha. Kitabu kikazunguka kutoka chumba hadi chumba, na kila mfungwa akaombwa atie saini kando ya maneno yaliyomgusa. Tarehe 16 Desemba 1977 Mandela alitia saini yake kwenye Julius Caesar, pale Kaizari anapozungumzia woga na kifo. Siku 15 baadaye ndipo Ngũgĩ alipochukuliwa kwake Limuru. Na tamthilia hiyohiyo aliyoichagua Mandela, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wazee hawa wawili walikuja kurithishana kazi hapa Arusha: Mwalimu alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya Burundi hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akayapokea, na mkataba ukatiwa saini mjini hapa tarehe 28 Agosti 2000. Sijui kama waliwahi kukaa wakazungumza juu ya Kaizari. Ningelipa kiingilio kusikiliza.

Angalieni lakini walichokifanya wafungwa wa Robben Island. Kitabu walikuwa nacho, wangeweza kuridhika na kukisoma. Wakatia saini. Kila mmoja aliacha alama kwamba mimi nilifika kwenye ukurasa huu, ili atakayefuata aione.

Sasa nije kwenye aina ya maandishi ambayo wahakiki wa fasihi hatuyatii katika hesabu, nayo ni barua ya maombi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha mwaka 2007. Jengo lake liko Barabara ya Dodoma, upande huohuo wa mji unaoelekea Kisongo. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu mtu binafsi aishtaki serikali moja kwa moja katika mahakama hiyo. Nani aliutumia zaidi mlango huo? Wafungwa. Kesi zilizotoka Tanzania zilikuwa nyingi kuliko za nchi nyingine yoyote, na sehemu kubwa zililetwa na watu waliokuwa magerezani, wengi wakijiandikia wenyewe, bila wakili. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama ilimpa haki mmoja wao, mtu aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ikasema kesi yake ilisikilizwa bila yeye kupewa nafasi ya kutosha ya kujitetea wala msaada wa wakili. Tarehe 28 Novemba 2019 ikasema kwamba sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia, bila hiari yoyote, inakiuka haki ya kuishi.

Fikirini kazi iliyofanyika hadi barua hizo zikafika Barabara ya Dodoma. Mtu kakaa sakafuni, kabla ya kuhesabiwa jioni na kufungiwa, ana nakala ya hukumu iliyochakaa kwenye mikunjo. Anayejua kusoma anamsomea asiyejua. Mwenye mwandiko mzuri anakuwa karani wa wenzake. Sheria inasomwa kwa kuhemewa, ukurasa mmoja huku, mwingine kule. Na kila barua inaanza kwa kumweleza mtu asiyeonekana: mimi ni fulani, nilikamatwa mahali fulani, nilitaka kusema jambo fulani sikusikilizwa. Mimi nayaita maandishi hayo fasihi, na mwenye kubisha abishe.

Uganda walitutangulia katika hili. Susan Kigula, akiwa amehukumiwa kifo katika gereza la Luzira, aliongoza kesi ya wenzake zaidi ya 400, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikafuta ulazima wa adhabu ya kifo. Alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa ndani, akapata stashahada ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 2016 akatoka akiwa huru.

Wazee wa Meru hapa ukumbini najua wanatabasamu, kwa sababu mlima huu ulijua nguvu ya barua ya maombi kabla ya mahakama yoyote kujengwa. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi wapewe walowezi. Wameru waliandika. Waliandika kwa gavana, waliandika kwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyasoma malalamiko mbele ya Baraza la Udhamini. Ardhi haikurudi kwa sababu ya hotuba ile. Lakini mtu wa Engare Nanyuki aliyekuwa anasikilizwa na mkuu wa wilaya tu, tena kwa kusimama jua kali, sasa alikuwa amesikilizwa na dunia, na chama cha TANU kilipozaliwa miaka miwili baadaye, Meru haikuhitaji kufundishwa siasa ni nini.

Lakini mlango ule wa Mahakama ya Afrika, Barabara ya Dodoma, ulifungwa. Novemba 2019 serikali yetu iliondoa lile tamko la 2010, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kufanya kazi. Kesi zilizokuwa zimeshawasilishwa ziliendelea kusikilizwa, lakini mfungwa wa leo anayekata kipande cha karatasi na kuanza kuandika hawezi tena kuipeleka barua yake moja kwa moja pale. Mimi si mwanasheria na sitajifanya mmoja. Sababu za serikali zilielezwa na wenye kazi yao. Nazungumza kama mtu wa vitabu. Msomaji mmoja mkubwa ameondolewa kwa watu ambao hawana wasomaji.

Shaaban Robert aliliona mapema jambo hili la mfungwa kukosa wa kumsikiliza. Katika Kusadikika, kilichotoka 1951, Karama anashtakiwa. Kosa lake? Ameanzisha mafunzo ya sheria. Anasimama kizimbani na, badala ya kujitetea yeye, anawasimulia wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani kwa shukrani. Siku baada ya siku anasimulia. Mwisho mfalme anamwachia Karama, na wale sita nao wanafunguliwa. Tulifundishwa shuleni kwamba kitabu hiki ni fumbo la ukoloni, na mtihani ulitaka tuandike hivyo. Sawa. Lakini kisomeni tena kama kitabu cha gerezani. Wale wajumbe walikuwa wamesahauliwa. Kilichowatoa ni mtu aliyekumbuka hadithi zao na akapata mahali pa kuzisema kwa sauti. Kama ningeruhusiwa kupeleka kitabu kimoja tu Kisongo, kingekuwa hicho.

Tunapeleka nini hivi sasa? Ikifika Idd au Krismasi, vikundi vyetu hukodi gari, hupeleka sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, magodoro, na kwa wanawake taulo za kike. Picha hupigwa. Sidharau; anayedharau sabuni hajakaa mahabusu. Makanisa na misikiti huongeza Biblia na Misahafu, na watu husoma kwa bidii. Ila riwaya ni nadra, diwani ya mashairi ni nadra zaidi, na daftari tupu pamoja na kalamu karibu sijaona kabisa kwenye orodha hizo. Daftari la kurasa mia halimshindi mtu aliyenunua mfuko wa sukari. Tatizo ni kwamba tumemzoea mfungwa kama mtu wa kupokea. Anapewa. Hatujamfikiria kama mtu anayeweza kututumia kitu sisi.

Lakini desturi ya kutumiana tunayo, wala haikuletwa na shirika lolote. Tangu Mambo Leo lilipoanza kutoka mwaka 1923, na baadaye katika Uhuru na Mzalendo, washairi wa nchi hii wamekuwa wakijibizana magazetini. Mtu wa Tabora anatupa swali kwa beti saba. Baada ya wiki mbili anajibiwa na mtu wa Tanga asiyemjua kwa sura. Wa Lindi anaingilia, anawakosoa wote wawili, na ugomvi unakwenda miezi. Karani wa posta, mkulima, mwalimu, shehe, wote walikutana kwenye ukurasa huo kwa masharti ya vina na mizani tu. Hakuna aliyeulizwa cheti. Mimi ninapendekeza, na nitalisema hata kama mkuu wa mkoa amekaa mbele yangu, kwamba Arusha ianzishe malumbano yanayovuka ukuta. Redio zipo hapa mjini, magazeti yapo, na kila shule ya sekondari kuanzia Usa River hadi Monduli ina mwalimu wa Kiswahili anayelalamika kwamba wanafunzi hawajui kutunga. Mfungwa atupe ubeti. Mwanafunzi wa Tengeru ajibu. Mama wa soko la Kilombero, kama ana maneno, naye aingie.

Mambo ya kuzingatia yapo. Lipo suala la majina; wako walioumizwa na wafungwa hawa, nao wana haki ya kutosikia jina fulani redioni asubuhi wakinywa chai, kwa hiyo watunzi watumie lakabu, kama washairi wa magazeti walivyofanya siku zote. Lipo suala la wasiojua kusoma na kuandika: shairi lao litungwe kwa mdomo na mwenzao aliandike, kazi ambayo wanaifanya tayari kwenye rufaa. Lipo la mahabusu, ambao kesi zao hazijaisha na hawapaswi kutunga chochote kitakachokuja kusomwa mahakamani dhidi yao. Hapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wangefaa kushauri. Na lipo suala la ukaguzi. Barua ya mfungwa haitoki bila kupitia mikononi mwa ofisa wa gereza. Wengine wameniambia hapo ndipo mpango utakapofia. Mimi naona kinyume. Askari magereza wetu ni Waswahili kama sisi, wamesoma mashairi yaleyale darasa la sita, na kazi yao ni ya upweke kuliko tunavyodhani. Ofisa huyo ndiye atakayeusoma ubeti kabla yetu sote. Akikuta mizani imezidi, amwite mtunzi amwonyeshe. Akikuta amechokozwa yeye mwenyewe, asiuzuie: achukue kalamu, ajibu kwa vina, autume pamoja na ule wa mfungwa katika bahasha moja.